Kabla ya Kuiamini Kompyuta, Uliza Maji Yalikaa Siku Ngapi

Katikati ya mwaka 2004, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mji wetu wa Lamu ulipatwa na homa iliyowakunja watu viungo hata wazee wa mtaa wa Mkomani wakashindwa kupanda ngazi za nyumba zao wenyewe. Ilikuwa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, yenye jina la asili ya Kimakonde lililotokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 huko Tanganyika, na ambalo msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake kitenzi chetu cha kukunja. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye mwaka huohuo ulikadiria kwamba watu wapatao 13,500 walikuwa wameambukizwa, katika mji wenye wakazi 18,000 hivi. Yaani robo tatu ya mji. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulivuka hadi Komoro na kisiwa cha Réunion.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiandika tasnifu ya hisabati, niliazimia kuijenga homa ile upya ndani ya kompyuta. Ninaandika makala haya kwa vijana wa Lamu na Malindi wanaoniuliza jinsi ya kuingia katika kazi ya hisabati za tiba, na pia kwa yeyote anayepokea majibu ya kipimo na kutaka kuyaelewa, kwa sababu kosa nililolifanya katika kazi ile ndilo lililonifundisha zaidi ya darasa lolote.

Modeli yangu, yaani mfano wa hesabu unaoiga ugonjwa, ilifuata njia inayojulikana. Ronald Ross, aliyegundua kwamba mbu ndiye abebaye vimelea vya malaria na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alionyesha kwa milinganyo kwamba si lazima kumuua kila mbu ili malaria iishe. Inatosha idadi yao ishuke chini ya kiwango fulani. Mwaka 1927 wanasayansi Kermack na McKendrick waliwagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliokwisha kutoka katika ugonjwa. Milinganyo huhesabu jinsi watu wanavyohama kutoka fungu moja hadi jingine siku baada ya siku. Ikiwa kila mgonjwa anaambukiza wenzake kwa wastani wa zaidi ya mmoja, ugonjwa unakua; ikiwa ni chini ya mmoja, unazimika wenyewe.

Nami nikaunganisha mbu na mvua. Niliamini, kama ambavyo wengi wangeamini, kwamba mvua ikizidi mbu huzidi, na mvua ikikosekana mbu hupungua. Nikaingiza hali ya hewa ya mwaka 2004, nikaendesha programu, na homa ikafa kabla haijaenea mitaa miwili. Nilirudia kwa wiki tatu, nikibadilisha kigezo hiki na kile, huku nikidhani kwamba nimekosea mahali fulani katika kuandika programu. Programu haikuwa na kosa lolote.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, ambaye yeye mwenyewe aliugua mwaka ule. Nilipomuuliza kuhusu mvua alinitazama kwa mshangao. “Mwanangu, mvua ya wapi? Mai tukiyaweka ndani, mtungi juu ya mtungi.” Mwaka 2004 ulikuwa mkavu. Maji yalipokuwa haba watu waliyahifadhi majumbani, katika mapipa na mitungi ambayo haikuwa ikimwagwa wala kusuguliwa mara kwa mara, kwa kuwa nani atamwaga maji wakati wa shida? Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza chikungunya na anayeuma mchana, hutaga mayai yake katika vyombo kama hivyo. Katika joto letu yai huhitaji muda wa wiki moja au zaidi kidogo kuwa mbu kamili. Chombo kinachosuguliwa na kujazwa upya kila baada ya siku mbili hakimpi nafasi hiyo, lakini kinachokaa siku kumi humpa. (Wazee wetu waliokuwa wakiweka samaki wadogo katika mabirika ya kuogea ili wawale viluwiluwi walilijua jambo hili bila mlinganyo wowote.)

Nilikiondoa kigezo cha mvua, nikaweka mahali pake idadi ya vyombo kwa kila nyumba na siku ambazo maji hukaa bila kubadilishwa. Homa ikaenea. Kisha nikageuza hesabu kwa kuanzia mwisho: kwa modeli sahili kabisa, inayodhani kwamba watu wamechanganyika sawasawa na hakuna aliyekuwa na kinga, robo tatu ya mji kuambukizwa kunadokeza kwamba mwanzoni kila mgonjwa aliwaambukiza, kupitia mbu, watu wapatao 1.8. Nambari hiyo ni ndogo kuliko nilivyotarajia, nayo ina maana kubwa, kwani kupunguza mbu kwa nusu tu kungeishusha chini ya moja. Nyumba za kutosha zingesugua mapipa yao kila wiki, huenda mji usingelala kitandani.

Ndiyo maana humshauri kila kijana asianze na kompyuta. Aanze kwa kwenda kuona kile ambacho nambari zake zinadai kukihesabu.

Jambo hilohilo hujitokeza katika kupima wagonjwa, na hapa nalisema kwa uchungu kidogo. Miaka michache iliyopita, hapa Malindi ninakofundisha, nilijitokeza katika zoezi la upimaji wa bure wa ugonjwa ambao si wa kawaida katika watu wa umri wangu. Nikaambiwa kipimo kimeuona, na kwamba kipimo hicho hakikosei sana. Sikulala siku nne. Siku ya tano nilichukua karatasi nikafanya hesabu iliyotokana na kanuni ya mwanahisabati Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake.

Tuchukue nambari za mfano. Kati ya watu 1,000, wagonjwa ni 10. Kipimo kinawakamata 9 kati yao, na kati ya wazima 990 kinawasingizia asilimia 5, yaani watu 50 hivi. Waliopewa majibu ya kuwa na ugonjwa ni 59, na wagonjwa wa kweli ni 9 tu, takriban asilimia 15. Sasa kichukue kipimo hichohicho ukitumie mahali ambapo wagonjwa ni 400 kati ya 1,000. Kitawakamata 360 na kuwasingizia 30, hivyo majibu hayo yatakuwa kweli kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10. Kipimo hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Hesabu hiyo isikufanye uyapuuze majibu. Mimi nilirudi kupimwa kwa kipimo cha pili, cha namna tofauti na cha kwanza, na kikaonyesha kwamba sina ugonjwa. Ukipewa majibu ya kutisha, muulize tabibu maswali mawili: ugonjwa huu unawapata wangapi kati ya watu wenye dalili na umri kama wangu katika eneo hili, na kipimo gani kitathibitisha? Tabibu mwema hatachukizwa nayo.

Na kwa kijana anayetaka kuanza wiki hii: chora yale mafungu matatu ya Kermack na McKendrick kwenye daftari, andika watu 1,000 katika la kwanza na mgonjwa mmoja katika la pili, chagua mwenyewe kila mgonjwa anaambukiza wangapi kwa siku na anaugua siku ngapi, kisha uhesabu siku thelathini kwa mkono. Ni kazi ya jioni mbili. Baada ya hapo ndipo uhamishie hesabu hizo kwenye jedwali la kompyuta, na pembeni ya kila nambari uandike ilikotoka, nani aliihesabu na mwezi gani. Ambayo huna jibu lake, iwekee alama nyekundu, kisha utafute mtu mzima aliyekuwapo ukamuulize.