Filamu ya Jumatatu: jinsi fundi cherehani anavyopumzika

Watu huniuliza napata wapi muda wa kutazama filamu, kwa kuwa wanaijua kazi ya ushonaji ilivyo hapa Dar es Salaam. Wanajua kwamba ikifika Ijumaa jioni fundi husahau hata kunywa maji. Mimi huwajibu kwamba wikendi siitegemei kabisa, maana wikendi ya fundi wa nguo za harusi ni mali ya wateja. Nimeipanga starehe yangu ifuate mwendo wa kazi yangu, na nimechagua ile inayokipumzisha kile ambacho kazi imekichosha. Hayo mawili ndiyo ninayotaka kukushauri leo, hata kama hujawahi kushika mkasi wa kukatia nguo.

Tuanze na wiki yenyewe. Harusi nyingi za hapa mjini huwa Jumamosi, na kichen pati na sendofu huja kabla yake. Basi kila kitu unakihesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Jumatatu nashuka Kariakoo na mtaa wa Uhuru kutafuta vitenge na khanga, halafu lesi, bitana, zipu na shanga. Jumanne na Jumatano nakata na kuunganisha. Alhamisi wateja wanakuja kujaribisha, na hapo ndipo utaambiwa, "Fundi, hapa ubavuni pananibana," gauni lifumuliwe upya. Ijumaa mpaka Jumamosi asubuhi ni kumalizia: kupinda, kubana vifungo, kutia shanga kwa mkono, kupiga pasi. Jumapili ni ibada na usingizi.

Ukiitazama wiki kama hiyo, nafasi inaonekana yenyewe. Ni Jumatatu jioni. Vitambaa vimeshanunuliwa lakini bado vimekunjwa, hakuna aliyeanza kupiga simu kuulizia gauni lake, na mikono haijachoka. Jumamosi usiku, ambayo wenzangu wengi huiona ndiyo saa ya filamu, mimi nikikaa mbele ya televisheni nasinzia kabla hadithi haijaanza kukolea. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: acha kuuliza ni siku gani watu wanapumzika, uliza ni saa ngapi kazi yako inaacha kukukimbiza. Mama lishe anayefunga sufuria saa tisa alasiri ana saa yake pale. Mwalimu aliyekwisha kusahihisha madaftari Alhamisi ana yake. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku ana yake pia, ingawa majirani watamshangaa kumwona anatazama filamu saa nne asubuhi. Waache washangae.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali zaidi, nalo ni macho.

Chukua velveti nyeusi, chukua shanga nyeusi, chukua uzi mweusi, ukae nazo saa za usiku chini ya taa moja. Kila shanga lazima uitunge kwa sindano nyembamba, uishushe kwenye kitambaa, urudishe uzi chini, uvute usije ukakunja, kisha uanze nyingine. Kifua cha gauni moja kinakula shanga kwa mamia. Muda wote huo kitambaa kiko karibu na uso, na ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaojikaza ili uone vizuri kitu kilicho karibu. Jicho likitazama mbali, kuanzia kama mita 6 kwenda mbele, msuli ule unalegea. Tena mtu anapokodolea kitu macho hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha kama yameingia mchanga.

Fikiria basi fundi huyohuyo anamaliza kazi, anajilaza kitandani, anashika simu na kuisogeza karibu na uso zaidi hata ya ile velveti, anaanza filamu. Kazi imekwisha, lakini jicho bado liko kazini! Atakwambia ametazama filamu kwa muda wa saa mbili na kesho yake kichwa kinauma. Halijapumzika jicho hilo hata kidogo.

Hii ndiyo sababu mimi filamu naitazama mbali. Nikiwa na nauli na kiingilio naenda Mlimani City kwenye ukumbi wa sinema na kukaa viti vya nyuma. Mara nyingi zaidi natazama nyumbani, televisheni ikiwa ukuta wa pili, mimi nimeegemea ukuta huu, shingo imelazwa kwenye mto, na taa ndogo naiacha inawaka ili kioo kisiwe ndicho mwanga pekee chumbani. Kama huna chochote ila simu, iegemeze mezani uisogeze mbali kadiri utakavyoweza kuona, na kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu cha mbali kwa sekunde 20. Madaktari wa macho hutoa ushauri huo kwa watu wa kompyuta, na unawafaa mafundi vilevile. Dukani kwangu kuna bango la muuza juisi ng'ambo ya barabara. Hilo ndilo ninalolisoma kila ninapobadilisha uzi.

Wewe huenda macho si shida yako. Kaka yangu anaendesha bajaji. Siku nzima anatazama mbali, kwa hiyo macho yake hayalalamiki sana, lakini amekaa kitako toka alfajiri na masikio yamejaa honi. Nilimshauri atembee kwa miguu kwanza, hata kuzunguka mtaa tu, ndipo akae na filamu yenye utulivu. Zamani akifika nyumbani alikuwa anafungulia filamu za mapigano na magari, yaani barabara ileile aliyotoka kuiacha. Rafiki yangu yuko kaunta, anaongea na watu mpaka jioni, naye anahitaji kutazama peke yake bila kuulizwa neno. Na mtu anayeshinda na mahesabu chumbani bila kusemeshwa na yeyote, huyo nitamwambia aende kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuoneshea filamu, akabanane na watu kwenye benchi na kucheka nao. Jiulize kazi inakuchosha wapi hasa, halafu usiipeleke starehe palepale.

Kwenye kuchagua filamu nina jambo moja ambalo sitalegeza: siku ya kazi natazama ya Kiswahili. Filamu yenye maandishi ya chini inakutaka usome muda wote, na mimi nimeshasoma vipimo vya kutosha. Nadhani hata wale watafsiri wetu wa vibandani wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, tangu enzi za Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya, walipendwa kwa sababu hiyo pamoja na vichekesho vyao. Mtu ametoka kubeba mizigo sokoni, unamwekea sauti ya kumsimulia, macho yake yanabaki na picha tu.

Miaka hii filamu za Kiswahili za kutazamwa kwa raha zimepatikana. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na haifiki saa mbili. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin anaikimbia ndoa aliyopangiwa, anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za kudai uhuru. Mimi ninayeshona magauni ya maharusi wiki nzima nilikaa kimya kwa muda mrefu baada ya kuitazama. Mteja anaposimama mbele ya kioo changu nampima kifua, kiuno na urefu, na nimezoea kuona furaha ya mama na shangazi waliomsindikiza. Tangu ile filamu namtazama bibi harusi mwenyewe usoni kabla sijashika futi. Na nguo! Mabuibui, kanzu, magauni ya enzi zile. Kama wewe ni fundi, itazame mara ya pili kwa ajili ya nguo peke yake.

Jambo hilo si geni katika kazi yetu. Mafundi wa zamani waliotufundisha husimulia kwamba filamu za Kihindi zilipokuwa zikijaza kumbi za mjini, mteja alitoka sinema moja kwa moja akaja kwa fundi kueleza kola ya nyota fulani ilivyokaa, na fundi mwenye akili alikuwa ameshakwenda kuiona mwenyewe. Sinema ilikuwa sehemu ya kazi. Bado ni sehemu ya kazi.

Kama saa mbili mfululizo huna, chagua filamu inayokubali kukatwa. Nyingi hazikubali. Ukizitazama vipande vipande unabaki na vurugu kichwani, na hapo watu hudhani filamu ni mbaya kumbe wameikatakata wenyewe. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ni tofauti, kwa kuwa ina wanawake wanne na kila mmoja ana sehemu yake. Unaweza kutazama mmoja leo na mwingine kesho bila kupoteza uzi. Ila usitazame mbili kwa pamoja ukiwa umechoka. Mambo ya ndoa, uzazi na malezi yaliyomo ni mazito, yanagusa majirani zetu na sisi wenyewe. Ukiwa na watoto nyumbani, Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, haifiki hata saa moja na nusu. Mtoto anaumwa sana na anapenda mashujaa wa filamu, basi kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Kaa nao mpaka mwisho, kwa sababu watakuuliza maswali.

Kuna filamu siwezi kuitazama Jumatatu hata kama ni fupi. The Empty Grave, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyooneshwa Berlin mwaka 2024, inazifuata familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa na Wajerumani, mabaki yaliyosafirishwa hadi Ujerumani. Mmoja wao ni Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, lakini familia ya Mbano bado ina swali lilelile: kichwa cha mzee wao kiko wapi? Filamu kama hiyo ipe Jumapili mchana. Itazame na wazee kama unao, chakula kiwe kimeshaliwa, na usipange wageni baada yake. Mimi niliitazama na jirani yangu ambaye kwao ni Ruvuma. Ilipokwisha alianza kunitajia majina ya wazee wa ukoo wake, na tulikaa mpaka giza likaingia. Mazungumzo ya namna hiyo huwezi kuyaweka katikati ya oda na simu za wateja.

Mambo ya vitendo ni machache. Filamu ichague kabla, kwa sababu kutafuta cha kutazama hula jioni nzima. Mimi naipakua Jumapili usiku nikiwa na bando, kwani ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa na ule wa juu unaweza kufika 3, na kwenye kioo cha simu tofauti huioni sana. Angalia salio la umeme wa Luku mapema. Simu ya wateja iwe chumba kingine. Gauni la Jumamosi halitaharibika kwa saa mbili za Jumatatu, na mteja mwenye haraka ya kweli atakuja dukani saa mbili asubuhi, atakukuta.

Usitazame peke yako kila mara. Msichana ninayemfundisha kazi huja nyumbani baadhi ya Jumatatu, na filamu ikiisha tunabishana: nani alikuwa na haki, gauni lile lilikatwaje, mwisho ule ulifaa au la. Yeye bado anasema Yasmin hakupaswa kuondoka vile. Mimi nasema alichelewa. Jumanne tunakata vitambaa huku ubishi unaendelea, na kazi inakwenda.

Kama unaijua filamu nyingine ya Kiswahili ya miaka hii ya karibuni, isiyozidi saa mbili, niambie jina lake kabla ya Jumapili usiku nipate kuipakua.