Mwanangu, umeneja usiwe sharti la urais

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kongwa hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia na alizeti inatia moyo. Nakujibu kwa barua kwa sababu swali lako ni kubwa, haliwezi kumalizwa kwenye simu.

Umeniuliza: kwa nini Katiba isitamke kwamba anayetaka urais lazima awe ameongoza kampuni au taasisi kwa miaka isiyopungua kumi? Umesema wewe mwenyewe, kabla hujakabidhiwa tawi, ulipita usaili juu ya usaili, ukaulizwa mpaka namna ulivyosuluhisha ugomvi wa wafanyakazi wawili. Halafu mtu ambaye hajawahi kusaini hata malipo ya mlinzi anakabidhiwa nchi ya watu 61,741,120, kwa hesabu ya sensa ya 2022.

Najua hasira hiyo inatoka wapi, maana ninayo pia. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka, mimi hufuatilia hadi mwisho. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, mpaka nikastaafu. Nikisikia jengo la zahanati limeishia kwenye lenta, naona kabisa ni karatasi gani haikusainiwa na nani alikaa kimya. Usimamizi mbovu unaua. Mama akipoteza mtoto kwa sababu gari la wagonjwa halina mafuta, hilo ni suala la umeneja, tena umeneja wa kawaida kabisa. Kwa hiyo usidhani naupuuza. Lakini kuufanya sharti la kikatiba, hapana, sikubali.

Tuanze na kilichoandikwa. Ibara ya 39 ya Katiba yetu ya 1977 inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho, awe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi awe hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Ukizifuata hizo sifa za ubunge, kwa upande wa elimu unakuta kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Wewe umeliona hilo kuwa ni uzembe. Mimi naona kazi ya kumpima mtu imeachwa mikononi mwa mpiga kura. Na kile kipengele cha kodi nakipenda hasa, maana kinauliza mtu alitenda nini, hakiulizi alikalia kiti gani.

Wazo lako wenzetu nao wamelizungumza. Mwaka 2012 Mitt Romney, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani baada ya kutajirika kwenye kampuni ya uwekezaji, alisimulia kwenye kampeni habari za mwenye migahawa aliyetaka Katiba yao idai rais awe amefanya kazi kwenye biashara angalau miaka mitatu. Romney alishindwa, na Katiba haikuguswa. Lakini Wamarekani walishawahi kumpata meneja wa aina unayoitaka. Herbert Hoover alikuwa mhandisi wa migodi aliyefanya kazi Australia na China, akasimamia ugawaji wa chakula kwa Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa Waziri wa Biashara. Aliapishwa kuwa rais mwaka 1929, na Oktoba mwaka huohuo soko la hisa likaporomoka. Sisemi yeye ndiye aliyeuleta ule mdororo wa uchumi uliofuata. Nasema uzoefu wote ule haukuwafanya watu waliokosa kazi na makazi wamwamini kwamba yuko pamoja nao. Vitongoji vyao vya vibanda waliviita Hooverville, kwa jina lake, na mwaka 1932 wakamwondoa kwa kura.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo, wakati wewe umezaliwa Kongwa?

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, aliishauri serikali yake ilime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ukazunguka kwa wiki chache, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza hapa kwetu mwaka 1947. Kampuni yenyewe ndiyo iliyosimamia mwanzoni, kisha mwaka 1948 likachukua shirika la umma, Overseas Food Corporation. Wataalamu hawakukosekana. Palikuwa na mameneja, wahandisi, wahasibu na maofisa waliotoka vitani. Vifaru viligeuzwa matrekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Vichaka na mizizi ya huku vikavunja mashine. Kiangazi kilipoingia udongo ukakauka ukawa kama saruji, karanga hazing'oleki. Kisha mvua ikagoma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango huo, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36, na ardhi iliyofyekwa Kongwa ikaishia kulishia ng'ombe.

Wagogo waliolima hapa walijua mvua ya nchi hii haina ahadi. Ndiyo maana walipanda uwele na mtama, na mali yao wakaiweka kwenye mifugo. Hakuna aliyelazimika kuwauliza. Waliotoa amri walikuwa na wakubwa wa kuwajibu, lakini wakubwa hao walikuwa London, na mkulima wa Kongwa hakuwa na kura ya kuwaondoa. Hapo ndipo ninaposimama, mwanangu. Meneja humjibu aliyemwajiri. Rais inabidi awajibu anaowaongoza, akiwemo bibi asiyejua mizania ni kitu gani lakini anajua kabisa nani amemletea njaa. Umeneja wa miaka kumi haumfundishi mtu hilo, na wakati mwingine humzoesha kinyume chake.

Nililiona hilo kwa udogo wake kijijini. Watu wa mjini huwachanganya mtendaji na mwenyekiti. Mtendaji ameajiriwa, mwenyekiti amechaguliwa. Mwenyekiti niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu zaidi alikuwa mfugaji wa darasa la saba, hajawahi kuongoza kitu zaidi ya zizi lake. Mwaka mmoja tulikuwa na fedha kidogo za kijiji na mahitaji mawili: josho la ng'ombe na madawati ya shule. Mimi nilikuwa na makisio ya mafundi ya vyote viwili, nimeyapanga vizuri kwenye jedwali. Bei zilikuwa sahihi, ila bei haikuweza kuniambia kipi kianze. Yeye aliitisha mkutano mkuu wa kijiji, akasimama juani tangu asubuhi. Alisema wazi kwamba anaunga mkono madawati, akatukanwa na wafugaji wenzake mbele ya watoto wake. Akawapa nafasi akina mama waliokaa nyuma, wale ambao kwa kawaida huombwa kunyoosha mikono tu. Madawati yakapita. Mwaka uliofuata josho likajengwa kwa michango, na waliomtukana ndio waliobeba mawe, kwa sababu waliona hakuwaficha jambo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuhakikisha idadi ya madawati ni ileile iliyolipiwa na risiti zipo. Kijiji kilihitaji kazi zote mbili. Lakini sheria ingesema mwenyekiti lazima awe na uzoefu wa mtendaji, tungekuwa na watendaji wawili na mwenyekiti hakuna.

Na fikiria kazini kwako. Tawi lisilolipa hufungwa, wafanyakazi wakahamishwa au wakapunguzwa. Rais hawezi kuifunga wilaya ya Bahi kwa sababu mvua imekosa, wala kuipunguza ya Chemba. Zahanati ya kijiji cha mwisho haitaleta faida hata siku moja, na lazima iwepo.

Kuna jingine linalonitisha zaidi. Nani ataamua umeneja ni nini? Mama aliyeongoza VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, miaka kumi na mitano bila shilingi kupotea, ameongoza taasisi au hakuongoza? Kiongozi wa chama cha wafanyakazi je? Na mtoto wa tajiri aliyepewa ukurugenzi kwenye kampuni ya baba yake, naye ahesabiwe? Cheti kitaandikwa na nani, na tume ya uchaguzi itakikataa kwa kigezo gani? Mlango wenyewe tayari ni mwembamba. Bila chama huingii, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Ukiongeza sharti lingine lisilopimika, umemwongezea nguvu yule anayeshika ufunguo, na hujui atakuwa nani miaka ishirini ijayo.

Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha Pugu alipochaguliwa kuiongoza TANU mwaka 1954. Utaniambia kufikia 1962 alikuwa na uzoefu. Ndiyo, aliupata ndani ya TANU, kwa watu waliomchagua kabla hajawa na uzoefu huo.

Basi tumpime mgombea kwa nini? Mimi huwaangalia waliokuwa chini yake. Waliokuwa juu yake watamsifu daima, ndivyo barua za utumishi zilivyo. Dereva wake, karani wake, mhudumu wake, hao wanajua kama alisikiliza na kama alilipa alichoahidi. Kisha huangalia alifanya nini mambo yalipoharibika. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watuhumiwa waliokamatwa Shinyanga na Mwanza waliteswa, wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuwatesa yeye. Alijiuzulu kwa sababu waliotesa walikuwa chini ya wizara yake. Mwaka 1985 akawa rais. Wewe unayesaili watu kazini, niambie ni swali gani la usaili lingeonyesha jambo hilo.

Uzoefu unaoutaka una mahali pake, na hapo nitakuwa nyuma yako kwa nguvu zote: makatibu wakuu, wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa mashirika ya umma. Hawa ndio mameneja wa nchi. Sifa zao ziandikwe, nafasi zitangazwe, wasailiwe kama ulivyosailiwa wewe, na akiharibu asihamishiwe wilaya nyingine. Rais anayeteua vibaya hapo, hata awe ameongoza kampuni kumi, zahanati itaishia kwenye lenta tu. Ukitaka kuandika maoni ya Katiba, andika hayo.

Baba yako amesoma barua hii kabla sijaifunga. Yuko upande wako. Anasema nimemwonea Hoover, na kwamba Waingereza wa karanga walikuwa mameneja wabovu, hivyo hawathibitishi kitu. Nimemjibu kwamba kwenye makaratasi walikuwa wazuri, na sharti lako litasoma makaratasi. Hajakubali. Panda SGR mwisho wa mwezi uje umsaidie, na uje na jibu la nani atakayeandika kile cheti.

Mama yako