Wasomaji Wanauliza: Mrija, Mtungi na Matumbawe ya Unguja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Dodoma na tunatarajia kwenda Unguja kwa siku nne pamoja na watoto wetu, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 13. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea vizuri, lakini tungependa kuyaona matumbawe. Rafiki aliyetutangulia ametuambia kwamba kuzamia kwa mtungi wa hewa kunaweza kufanywa asubuhi ya siku ya mwisho, kabla ya ndege ya jioni. Je, ni salama? – Mama wa watoto wawili, Dodoma

JIBU: Dada yangu, katika ushauri wa rafiki yako ndege ya jioni ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta, karibu nne ya tano, ni nitrojeni, na mtu anapopumua hewa ya mtungi akiwa chini, mgandamizo wa maji huifanya gesi hiyo iyeyuke ndani ya damu na nyama za mwili kwa wingi kuliko kawaida. Hutoka polepole, kwa njia ya mapafu. Mzamiaji akiingia kwenye ndege kabla haijatoka ya kutosha, mgandamizo unaopungua huko angani unaweza kuifanya itoe mapovu mwilini, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa, na mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, au hata kupooza. Wataalamu wa tiba ya uzamiaji hushauri kusubiri saa 12 au zaidi baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 au zaidi kwa aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo mtungi uwe wa siku ya kwanza au ya pili, na siku ya mwisho iwe ya miwani na mrija wa kupumulia, kwa sababu anayeelea juu huvuta hewa ya juu na halimbikizi kitu. Anayerudi Dar es Salaam kwa boti hana hofu hii akiwa baharini, maana boti haipandi mawinguni.

Kuhusu watoto, yule wa miaka 8 aachiwe mrija. Vyama vingi vya mafunzo vimeweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa kuzamia baharini kwa mtungi, na mwanao wa miaka 13 anaweza kujaribu akiwa na mwalimu pembeni yake, bila kupita mita 12, ambao ndio ukomo wa kawaida wa mtu anayejaribu bila cheti. Kabla ya hapo mtapewa fomu ya maswali ya afya. Msiijaze kwa haraka kama fomu ya hoteli: pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na matatizo ya masikio ni mambo ya kupelekwa kwanza kwa daktari, na hata mafua ya kawaida yanatosha kuahirisha safari ya chini, kwa sababu masikio yaliyoziba hayawezi kusawazisha mgandamizo.

Sasa suala la kuogelea. Anayetafuta cheti kamili hupimwa kwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Anayejaribu kwa siku moja mara nyingi hapimwi, na hapo ndipo maoni yangu yanapotofautiana na ya wafanyabiashara wengi wa ufukweni. Mtu asiyeweza kulala juu ya maji akiwa ametulia asivishwe mtungi, hata kama bei imeshalipwa. Tengeni alasiri moja, maji yakiwa yamejaa, msimame katika kina cha kiuno, mtie nyuso majini na kupumua polepole kwa mdomo hadi mwili uache kuogopa. Miwani hujaribiwa nchi kavu: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kwa pua, na ikibaki imeng'ang'ania bila kushikwa, inakufaa. Mume wako akiwa na masharubu, ajue kwamba maji yatapenya hapo. Vaeni majaketi ya kuokolea maisha wala msione haya, kwani hata sisi tuliozaliwa pwani, wakiwamo watoto wa manahodha, wengi wetu hatujui kuogelea.

Jambo la mwisho ni tarehe. Tazameni kalenda ya Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne, hivyo mikondo huwa na nguvu na mchanga hutibuka. Maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi huo, huwa matulivu zaidi, na kwa mtu anayeanza tofauti hiyo ni kubwa kuliko ubora wa hoteli yoyote. Miezi ya masika, hasa Aprili na Mei, iepukeni.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 19, nafanya kazi kwenye boti za kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba, na nazamia kwa pumzi tu kutafuta pweza. Wenzangu wamenifundisha kuvuta pumzi za haraka haraka kama ishirini hivi kabla ya kuzama, ili nikae chini muda mrefu. Hivi karibuni mwenzetu alizirai akiwa amebakiza kidogo kufika juu, tukamwahi. Je, pumzi hizo zina madhara? Na nifanye nini ili niwe mwongozaji wa wazamiaji wa mtungi? – Kijana wa Matemwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ziache leo hii. Kinachomfanya mtu ahisi haja ya kupumua ni kujaa kwa kabonidayoksaidi mwilini, zaidi ya kupungua kwa oksijeni. Pumzi zile ishirini huiondoa kabonidayoksaidi, ilhali haziongezi oksijeni ya maana, na matokeo yake ni kwamba unakaa chini bila kusikia onyo lolote huku akiba yako ikiisha. Unapopanda, mgandamizo hupungua, na nguvu ya oksijeni iliyobaki mapafuni hushuka ghafla katika mita chache za mwisho. Ndiyo maana mwenzenu alizirai palepale alipodhani amekwisha kuokoka. Pumueni kwa utulivu, mpumzike vya kutosha baina ya mizamo, na msizame wawili kwa pamoja: mmoja akiwa chini, mwingine abaki juu akimtazama mpaka avute pumzi kadhaa za juu.

Ukihamia kwenye mtungi, itakubidi uisahau desturi yako ya kubana pumzi, na nimeona wavuvi hodari wakipata taabu hapo kuliko wageni wasiojua lolote. Katika mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, hivyo pumzi iliyojaza mapafu yako huko, ukiibana na kupanda nayo, itataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hupasuka. Anayevuta hewa ya mtungi hapaswi kubana pumzi hata kidogo, hupanda polepole, na husimama dakika tatu katika mita 5 kabla ya kutoka.

Njia ya cheti inajulikana: daraja la kwanza hukufikisha mita 18, la pili mita 30, kisha mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza, ndipo uongozaji, ambao huhitaji umri wa miaka 18. Katika utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, unaotumika sana visiwani, unatakiwa uwe umezamia kwa mtungi mara 40 kabla ya kuanza hatua hiyo na mara 60 kabla ya kuimaliza, zote zikiwa zimeandikwa kwenye daftari lako. Anza kuandika tangu mzamo wako wa kwanza wa mtungi.

SWALI: Mimi ni mchokoaji wa pweza. Wageni wanakatazwa kugusa matumbawe, nasi tunatembea juu ya mwamba tangu enzi za bibi zetu. Je, waharibifu ni sisi? Na mwanangu anayeongoza wageni wa mrija awaambie nini? – Bibi wa Jambiani

JIBU: Bi Mkubwa, mahali unapotembea bahari ikitoka ni tambarare ya mchanga, mwani na miamba iliyokufa zamani, na mapito yake mnayajua. Matumbawe yaliyo hai kwa wingi yako ukingoni na kwenye mteremko wa nje. Tumbawe ni wanyama wadogo wengi walioungana juu ya mifupa ya chokaa, wakilishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani huo hutoka, tumbawe hubaki jeupe na huweza kufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, na joto likarudi mwaka 2016 na 2024. Hayo hayakuletwa na miguu yenu. Hata hivyo chuma cha kuchokolea kinapovunja tumbawe hai ili kumfikia pweza, au jiwe linapopinduliwa na kuachwa hivyo, hasara ni ya kweli, kwa sababu tumbawe la mviringo hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka, na lenye kimo cha mtu lilianza kukua kabla bibi yako hajazaliwa.

Mwanao akipata nafasi aende Chumbe, kisiwa ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu mwaka 1994, ambapo uvuvi umekatazwa na wageni hutumia mrija tu, bila mtungi. Ataona wavuvi wa zamani wakifanya kazi ya ulinzi na kuongoza wageni. Kwa wageni wake mwenyewe, anayechoka ashike boya linalovutwa na kiongozi, asisimame juu ya mwamba, na azuie mapezi yake ya miguuni yasipige chini. Shati la mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya kuzuia jua. Hawaii imepiga marufuku tangu mwaka 2021 uuzaji wa yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati ili kuyalinda matumbawe. Glavu asiwape kabisa, maana aliyevaa glavu hushika kila kitu. Na mkate wanaowatupia samaki ubaki kwenye boti, uliwe na chai.