Nguo Zikishapigwa Picha, Tunaweza Kuzikata?

SWALI: Ninafundisha katika chuo cha ushonaji na ubunifu wa mavazi hapa Mombasa. Kwa miaka mingi familia mbalimbali zimetukabidhi nguo za kale: doti za kanga ambazo hazijakatwa, mabuibui ya kamba (ya kizamani, yanayofungwa kichwani kwa kamba), suruali za marinda na kofia za viua (zilizotariziwa kwa vitundu vidogo). Zimejaa makabati mawili, na baadhi zimeanza kutoboka. Mtaalamu wa kompyuta ametushauri tuzipige picha zote na kuziweka mtandaoni, kisha nguo zenyewe tuwaachie wanafunzi, wengine wazivae siku ya mahafali na wengine wazifumue ili wajifunze ushonaji wa zamani. Je, tununue kamera ya aina gani?

JIBU: Mwalimu, suala la kamera tuliweke kando kwanza. Swali hili huletwa kwangu kwa sura nyingi, na karibu kila mara limebeba dhana ileile, kwamba nguo ikishapigwa picha imehifadhiwa, na kilichobaki kabatini ni mzigo. Wanaoieneza ni wauzaji wa vifaa na programu, ambao wengi wao hawajawahi kuligeuza vazi ndani nje wakatazama lilivyoshonwa.

Chukua buibui moja la kamba ulitandaze mezani. Pichani litaonekana kipande cheusi kisicho na umbo. Likiwa mbele yako, utaona mahali ambapo kamba ya kichwani imesugua kitambaa hadi kikalainika, utatambua mshono upi ni wa mkono na upi ni wa cherehani, na ukifunua pindo utakuta weusi wa awali ambao jua halikuufikia, uulinganishe na upande wa nje uliokwisha kugeuka hudhurungi. Kwenye kanga, picha itakupa pindo, mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yake), lakini haitakupa uzito wa pamba wala namna rangi ilivyopenya hadi upande wa pili, na hivyo ndivyo vinavyomwonyesha mtafiti jinsi kitambaa kilivyochapwa. Hata maandishi madogo kama «K.H.E. – Mali ya Abdulla», alama ya kanga za Kaderdina Hajee Essak wa hapo hapo Mombasa, hupotea kwa urahisi katika picha iliyopigwa kwa haraka. Mwanafunzi atakayeuliza swali jipya miaka ishirini ijayo atahitaji nguo, kwa kuwa mpiga picha wa leo hakujua kwamba swali hilo litaulizwa.

Vyuo vyenye uzoefu havikubadilisha nguo kwa picha. Fashion Institute of Technology ya New York ilianza kujenga hazina ya mavazi mwaka 1969, na leo jumba lake la makumbusho lina nguo na vifaa vya mavazi vipatavyo 50,000. Picha nyingi ziko mtandaoni, lakini maghala bado yapo. Pamoja na hazina ya kudumu, wametenga nguo za kujifunzia, na huko Antwerp, Ubelgiji, makumbusho ya mitindo ya MoMu, ambayo yako chini ya paa moja na idara ya mitindo ya Royal Academy, nayo yana nguo za kushikwa kwa mkono. Nanyi gawanyeni hivyo hivyo: kilicho cha pekee kikae, na chenye nakala mbili au tatu, au kilichokwisha kuharibika vibaya, kiende darasani. Hata hicho cha darasani kisifumuliwe. Wanafunzi wachukue vipimo, wachore, kisha wakate na kushona nakala kwa kitambaa kipya. Watajifunza zaidi kwa kushona kuliko kwa kufumua.

Nguo zilizotoboka zitenge leo hii, kwa kuwa huenda zina wadudu. Zisizo na ngozi, shanga wala plastiki zifunge katika mifuko miwili iliyozibwa barabara, uzitie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili ili wadudu wafe, na ukizitoa usifungue mifuko mpaka kesho yake, kwa sababu unyevu wa hewa ya pwani utatua juu ya kitambaa baridi na kuzaa kuvu. Nyingine zote zifunike kwa amerikani iliyofuliwa hadi wanga ukaisha, wala si kwa nailoni. Naftalini iondoe, kwani mvuke wake unawadhuru watu wanaofanya kazi humo ndani. Udi nao, pamoja na heshima yote ninayoipa mila ya kufukiza nguo, ni wa nguo inayovaliwa kesho harusini. Katika nguo ya kuhifadhiwa moshi wake huacha utomvu na masizi.

Kuhusu mahafali, jibu ni hapana. Mwaka 2022 Kim Kardashian alivaa kwa muda mfupi gauni ambalo Marilyn Monroe alilivaa mwaka 1962 alipomwimbia Rais John F. Kennedy, na kamati ya mavazi ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, ikatamka kwamba nguo za kihistoria hazifai kuvaliwa na mtu yeyote. Gauni lile lilikuwa limepigwa picha mara nyingi kuliko makabati yako yote mawili, na picha hizo hazikuulinda hata uzi mmoja dhidi ya jasho na mvutano wa mwili.

Sisemi kwamba picha hazina kazi. Mtafiti aliyeko Muscat au London akiiona kofia mtandaoni atajua kama anahitaji kuifuata au la, na kila safari isiyofanyika ni mara moja pungufu ya kuifunua na kuishika. Ila namba hutangulia kamera: iandike kwenye utepe wa pamba, ushikize utepe huo kwa bandi chache (mishono mirefu iliyolegea) upande wa ndani, na namba hiyo hiyo ionekane pichani kando ya rula na kadi ya rangi (ya kulinganishia rangi za pichani na za nguo). Ukifika hapo, simu nzuri na mwanga wa dirisha usio na jua la moja kwa moja vinatosha kuanzia.

Na hili nawaambia walimu wote wenye makabati kama hayo. Anayekuja kuwauzia mradi wa picha mwulizeni faili asilia zitakuwa mikononi mwa nani, nani atalipia hifadhi ya mtandaoni mkataba ukiisha, na nguo zitalala wapi usiku ule baada ya kupigwa picha. Akisema nguo hazitahitajika tena, mmalizieni chai yake, muagane.