Kocha mpya wa watoto, anza na sekunde tano baada ya filimbi

Makocha wengi wanaoanza kazi na watoto huandaa koni, mipira na vizibao vizuri kabisa, halafu nidhamu wanaiachia hotuba ya dakika mbili kabla ya mechi: tuheshimiane, tusitukanane, tucheze kiungwana. Watoto wanaitikia "ndiyo kocha" kwa sauti moja. Faulo ya kwanza ikipulizwa, wanne wanamzunguka refa na wa tano ameubutua mpira mbali. Mtoto wa miaka tisa aliyenyang'anywa mpira anaoamini ni wake hana nafasi ya kukumbuka hotuba. Anafanya alichozoea. Basi mzoeze, kama unavyomzoeza kutuliza mpira kabla ya kutoa pasi.

Cha kuzoeza ni kifupi. Filimbi ikilia, aliyecheza faulo anauacha mpira ulipo na kurudi nyuma; kama mwenzake yuko chini, anamnyooshea mkono. Aliyechezewa faulo anainuka bila kujibu kitu. Waliobaki wanakimbilia nafasi zao. Hesabu moja hadi tano, yote yawe yamekwisha. Waeleze pia kwamba kuupiga mpira mbali au kuondoka nao baada ya filimbi ni kuchelewesha mchezo, na adhabu yake kisheria ni kadi ya njano. Watoto wengi huona ni utani tu mpaka siku waonyeshwe.

Mazoezi yake ni haya. Weka uwanja wa mita 25 kwa 20, wanne kwa wanne, dakika sita. Puliza faulo nne au tano, mbili kati ya hizo ziwe za uongo kabisa, na wape taarifa mapema: "Leo refa atakosea, na hamtajua lini." Timu inayokuwa tayari kwanza, mpira chini na kila mtu mahali pake, inapata pointi yenye thamani sawa na bao. Utashangaa wanavyokimbizana kukaa kimya. Zoezi hili lirudie kila wiki kwa mwezi mzima, kisha mara moja moja. Ila faulo za uongo usizitumie kwa watoto wa chini ya miaka minane. Hao hawaoni mchezo ndani ya mchezo. Wanaona kocha wao ni mwongo, na wengine watalia.

Zoezi la pili ni kucheza bila refa. Kanuni ni moja: anayeinua mkono kukiri faulo ni aliyeicheza, si aliyechezewa. Mabishano yakizidi sekunde kumi, mpira unakwenda kwa kipa wa timu iliyokuwa nao na mchezo unaendelea. Wewe simama mbali kidogo, mikono nyuma. Hapa kuna kasoro inayojirudia: mtoto mwenye mwili mkubwa au mdomo mwingi hugeuka kuwa refa wa wote. Usimkemee, badilisha vikosi kila dakika tano ili yule aliyembana dakika iliyopita sasa awe mwenzake.

Kukiri kosa nako kuna mipaka yake, na watoto wanapaswa kuijua. Mwaka 2012 Miroslav Klose, akiichezea Lazio, alimwambia refa kwamba bao lake dhidi ya Napoli lilipita mkononi, na likafutwa. Mwaka 1997 Robbie Fowler wa Liverpool alimweleza refa kwamba kipa wa Arsenal hakumgusa, lakini penalti ikabaki palepale. Kwa hiyo mfundishe mtoto kusema ukweli mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akubali refa atakachoamua hata kama ni kinyume na alichosema.

Kuhusu kuongea na refa, sheria za soka zina mwongozo unaoyaruhusu mashindano kuweka utaratibu wa nahodha peke yake kumwendea refa kuuliza uamuzi mkubwa. Hata kama mashindano yenu hayautumii, utumieni nyinyi. Kitambaa cha unahodha kizunguke, kila mechi mtoto mwingine, na kila mmoja ajifunze sentensi moja: "Samahani refa, naomba kujua faulo ilikuwa ya nini." Anauliza mpira ukiwa umesimama, anasikiliza jibu, anarudi. Hata mtoto mpole kuliko wote avae. Tena huyo ndiye anayeuliza vizuri zaidi.

Refa wa mechi za watoto mara nyingi ni kijana ambaye naye anajifunza, na anayemtia hofu ni benchi lako, si watoto. Tangu 2019 kocha naye anaonyeshwa kadi, njano au nyekundu, na refa akishindwa kumtambua aliyetoa tusi kwenye benchi, kadi inamwangukia kocha mkuu aliyepo eneo hilo. Huhitaji hata kutukana. Ukitupa mikono juu kila faulo, wachezaji kumi nyuma yako wameshajifunza kutupa mikono. Mwambie msaidizi wako akuvute jezi unapovuka mstari; makocha wenye hasira za karibu wanaujua umuhimu wa mtu huyo.

Sasa wazazi, ambao wanastahili muda wako zaidi kuliko unavyodhani. Kutana nao kabla ya msimu, dakika 20 zinatosha, na uwaambie mambo machache yanayoeleweka: shangilieni timu zote mbili, msitoe maelekezo ya mchezo, msiongee na refa, msimtaje mtoto wa upande wa pili kwa jina wala kwa namba. Waeleze sababu. Mtoto anayesikia "piga!" kutoka kwa baba, "toa!" kutoka kwa mama na "tulia!" kutoka kwa kocha hufanya jambo la nne, ambalo ni kupoteza mpira. Wapange upande usio na benchi, mita mbili nje ya mstari, na funga kamba ikiwa uwanja hauna uzio. Nyuma ya goli asisimame mtu, maana kipa wa miaka kumi akifungwa anageuka, na wa kwanza kumwona asiwe mzazi aliyeshika kichwa.

Mzazi akivuka mpaka, kosa la kocha mpya ni kumgombeza mbele ya watu. Anayeumia hapo ni mtoto wake aliye uwanjani. Subiri mpira utoke, msogelee, sema kwa sauti ya chini: "Baba Juma, tushangilie tu, maelekezo niachie mimi." Malalamiko ya baada ya mechi yapangie kesho yake, usiku mmoja hupoza mengi. Na yule asiyeweza kunyamaza mpe kazi: kugawa maji, kuhesabu mipira, kupiga picha. Mtu mwenye kamera ana mikono na macho yenye shughuli.

Mchezaji wa upande wowote akiumia, watoto wasiachiwe kuamua peke yao. Wafundishe: tunacheza hadi filimbi, isipokuwa mtu akigonga kichwa, hapo tunasimama sote na kumwita refa. Mkanganyiko wa jambo hili uliwahi kuwashika hata wakubwa. Aprili 2019, kwenye mechi ya England, Leeds walifunga huku mchezaji wa Aston Villa akiwa chini, wachezaji wakakabana, na kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa, akaamuru timu yake iwaache Villa wasawazishe. Ilikwisha 1-1. Wasimulie watoto, kisha waulize wao wangefanya nini. Majibu yao yatakuonyesha nani anahitaji maongezi zaidi. Refa akisimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, mpira huanzishwa kwa kudondoshwa: mpira ukiwa ndani ya eneo la penalti unadondoshewa kipa, nje ya hapo unadondoshewa mchezaji wa timu iliyokuwa nao au ambayo ingeupata, na hilo lisipokuwa wazi kwa refa, wa timu iliyougusa mwisho, na wengine wote wanakaa mita nne. Yale mabishano ya "turudishieni mpira wetu" hayana nafasi tena.

Mkiongoza 6-0, usipige kelele "acheni kufunga!" Huko ni kuwadhalilisha wapinzani mara mbili. Wala usiwaambie wapige pasi ishirini wakizungushana. Ikianza "ole, ole" utajuta. Badilisha kimyakimya: beki awe mshambuliaji, mfungaji akae golini, au mnong'oneze anayeingia kwamba leo wanafunga kwa mguu dhaifu tu. Kushangilia bao kuishie kabla ya kurudi nusu yao, na asiyejua kujizuia baada ya kumpiga mtu tobo, yaani kumpitishia mpira katikati ya miguu, akumbushwe kwamba naye atapigwa.

Adhabu zina utaratibu wake. Kukimbizwa raundi za uwanja kunamfundisha mtoto kuchukia kukimbia, basi. Sheria zinaruhusu mashindano ya watoto kutumia kutolewa kwa muda, kati ya asilimia 10 na 15 ya muda wa mchezo. Kwa mechi ya dakika 40 ni dakika nne hadi sita. Kipimo hicho kinafaa hata mazoezini. Mtoto anakaa, anakunywa maji, anaulizwa maswali mawili: kilitokea nini, na kikitokea tena utafanya nini? Akiwa bado anatetemeka kwa hasira, muongezee dakika moja. Akishatulia, mrudishe mechi hiyohiyo, maana jibu lake linahitaji pa kujaribiwa. Kumsukuma akaombe radhi hali machozi hayajakauka huzaa radhi ya mdomoni. Subiri filimbi ya mwisho. Na kulia baada ya kufungwa si utovu wa nidhamu, asiadhibiwe mtu kwa hilo.

Mtihani wako mgumu utakuja kwa yule anayewafungia mabao. Atamsukuma mtu mkiwa sare zimebaki dakika saba, benchi zima likikutazama, baba yake akiwa nyuma ya kamba. Mtoe kwa dakika zilezile nne ulizomtoa mwenzake wiki iliyopita.