Madogo wa padi, kitambi hakiondoki kwa kuukimbia ugali

Madogo zangu, nimewavumilia vya kutosha. Kila mwezi wa kwanza ukiingia, bandani kwetu, tunakolipia kucheza gemu za video, panaanza kelele zilezile. Mmoja ameacha ugali. Mwingine amejifunga nailoni tumboni ndani ya fulana, kwenye joto hili la Dar, jasho linamtiririka mpaka padi ya kuchezea inamteleza mkononi. Wa tatu anatangaza anauza mashine yake ya gemu kwa sababu gemu ndiyo imemnenepesha. Ikifika Februari ugali umerudi, nailoni iko jalalani, na yule wa mashine anaazima padi za wenzake. Mwaka unaofuata wanakuja wapya na kuanza palepale.

Gemu hainenepeshi mtu. Vinavyonenepesha ni vitu vinavyoizunguka: kiti, chupa, sahani na usiku. Hivyo unaweza kuvibadilisha vyote na bado ukabaki na ranki yako, yaani daraja lako kwenye gemu. Nawaandikia nyinyi mnaojua mechi ya bando, ya mtandaoni, inavyoenda na banda linavyoendeshwa, kwa hiyo sitaeleza yaliyo wazi.

1. Kiti

Sheria ya banda mnaijua: anayefungwa anatoka. Hebu itazameni vizuri. Aliyefungwa anainuka, anatoka nje, anabishana, anatembea hadi dukani kununua vocha. Mshindi anabaki palepale. Kadiri unavyoujua mpira wa skrini ndivyo unavyokaa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana mafundi wetu wengi ndio wenye vitambi. Kuna dogo mmoja namkubali sana, ana pasi za chini zinazouma. Jumapili moja alishinda kuanzia mchana hadi adhana ya magharibi bila kunyoosha goti. Alipoinuka kwenda msalani alishika ukuta kwanza, akasubiri ganzi itoke, ndipo akapiga hatua. Ana miaka ishirini na ushee tu.

Nilimpa sheria moja: goli likiingia, inuka. Liwe lako au la mpinzani, marudio yakianza wewe umeshasimama. Mtu anayeshinda tano bila ameinuka mara tano. Siku hizi banda zima linainuka naye na mwenye banda analalamika kwamba hatuoni skrini, lakini naye kiuno kimeacha kumuuma.

Kwenye PUBG, ile gemu ya kupigana risasi mpaka abaki wa mwisho, ukiuawa mapema usibaki umejikunja kitandani ukimtazama mwenzako anavyokimbizana na duara la usalama linalozidi kupungua. Mtazame ukiwa umesimama. Lobi, pale mnaposubiriana kabla ya mechi, ikichelewa kujaa, piga skwati mpaka ijae.

2. Chupa na sahani

Soda ya kola ya mililita 500 ina sukari ya gramu 53 hivi, yaani vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Chupa moja imemaliza hesabu ya siku nzima, na chai ya asubuhi bado hatujaitaja. Mtu wa kilo 70 akitaka kuichoma chupa hiyo, akimbie polepole karibu nusu saa. Nyinyi mnakunywa mbili kabla ya nusu fainali, mnakaa, kisha mnailaumu gemu.

Nunua maji, chupa kubwa, uiweke chini ya kiti. Yakikubana utainuka tu.

Ugali hauna kesi. Kesi ni mlima wa ugali wenye kijiko kimoja cha mchicha pembeni. Geuza sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au dagaa, robo ugali. Zege, chipsi mayai, kula ukilitamani, ila siyo kila usiku, na usile ukiwa na padi mkononi, maana macho yakiwa kwenye skrini tumbo halina wa kulisikiliza.

3. Chai ya kupunguza tumbo

Hapa naomba mnisikilize, maana wiki hii nimeziona pakiti hizo kwenye mikoba ya watu wawili.

Mwaka ule ndugu yangu alikuwa anaoa na mimi nilikuwa msimamizi wake. Suti ilishashonwa, kifungo hakifiki, na harusi imekaribia. Mtu akaniuzia chai ya unga, pakiti ina picha ya kiuno chembamba, akaniambia kunywa kutwa mara mbili na chakula uache. Nikaacha. Nikawa naishi kwa chai hiyo na maji ya ndimu. Nilikuwa nashinda chooni, na kila nikitoka nilijiona nashinda vita. Nilikwenda kwa wale vijana wenye mizani inayoongea pale kituo cha daladala, sauti ikatangaza kilo zangu mbele ya abiria wote, zimeshuka, nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Jioni hiyo nikaingia bandani. Kipindi cha kwanza vidole vilikuwa vinatetemeka, nikadhani ni presha ya mechi. Kipindi cha pili msuli wa paja ukakaza. Nikainuka kumkabidhi mwenzangu padi, nikaona skrini inakwenda mbali, na kilichofuata nilisimuliwa. Walinibeba kwenye bajaji.

Hospitali walinitundikia dripu. Daktari akaniuliza nimetumia dawa gani, nikasema sijatumia kitu. Akauliza tena baada ya majibu ya damu kuonyesha potasiamu imeshuka, nikarudia uongo uleule, wakati potasiamu ikishuka hivyo hata mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anajaribu kunitibu, kwa kuona aibu ya pakiti ya chai. Aliyesema kweli ni mama. Alikuwa ameikuta pakiti chini ya godoro wakati akinitafutia shuka, akaja nayo ameikunjia ndani ya kanga, akampa daktari bila kunitazama. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia: "Mwanangu, si ungeniambia tu, nikakupunguzia mafuta kwenye mboga." Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Kilo zote zilirudi hata kabla picha za harusi hazijasafishwa. Sababu yake niliielewa baadaye. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha kula ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inakusifu. Ukila tena, yanarudi. Chai nyingi za aina ile zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unapoteza maji na chumvi, mafuta yamekaa palepale yakikutazama. Nailoni nayo ni hivyohivyo: jasho ni maji.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa soda iliyoachwa, mafuta yaliyopunguzwa na mwendo kidogo, ni karibu nusu kilo kwa wiki. Ndiyo, ni polepole. Ukiona mtu anakuuzia haraka kuliko hapo, muulize kinachotoka ni nini.

4. Usiku

Bando la usiku ni rahisi, najua. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya, wakawapa nafasi ya kulala saa 4 tu kwa usiku mbili mfululizo, kisha wakawalinganisha na walipolala vya kutosha. Homoni inayotoa taarifa ya shibe ilishuka kwa asilimia 18, ya njaa ikapanda kwa asilimia 28, na walichotamani zaidi ni vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwa hiyo ile njaa ya saa nane usiku inayokupeleka kwa muuza chipsi usiidhanie ni ya tumbo. Ni usingizi unaodai.

Mnaoniambia "kaka, mapro wote wanakesha", mtazameni Uzi wa China, Jian Zihao, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa gemu ya kompyuta ya League of Legends. Juni 2020 alitangaza kustaafu akiwa na miaka 23. Alieleza mwenyewe kwamba ana kisukari cha aina ya pili, akataja msongo wa mawazo, unene, kula bila mpangilio na kukesha. Alikuja kurejea uwanjani baadaye, lakini miaka ile haikurudi. Na walioshinda kwa njia nyingine wapo: timu ya Astralis ya Denmark ilichukua ubingwa wa mashindano makuu matatu mfululizo ya Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, kati ya 2018 na 2019, na ilijulikana kwa kuwasimamia wachezaji wake mazoezi, chakula na usingizi.

Wekeni saa ya mechi ya mwisho, siyo saa ya kulala. "Nitalala saa tano" haijawahi kumtoa mtu kwenye ranki. "Mechi ya mwisho inaanza saa nne" inamtoa.

5. Mazoezi

Msikimbilie jimu ya kulipia mwezi mzima halafu mkaenda wiki moja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa pumzi kidogo, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Shukeni daladala kituo kimoja kabla. Rukeni kamba uani. Pushapu ziko bure. Jumamosi alfajiri vikundi vya jogging vinapita mtaani kwetu vikiimba, mchakamchaka uleule wa shule ya msingi, na hakuna anayeulizwa kasi yake; mimi naingia mkiani, na mkiani ndiko penye watu wa maana.

Ring Fit Adventure ya Nintendo, gemu ya mazoezi ya mwaka 2019, inakutoa jasho kweli, mwenye uwezo anunue. Asiye nayo asiifanye kisingizio.

Na vidole gumba: kikianza kuuma upande wa kifundo cha mkono, pumzisha siku kadhaa. Usikaze kitambaa ukaendelea.

6. Kupima

Acheni kupanda mizani kila siku. Chukueni futi kamba ya fundi cherehani, pimeni kiuno usawa wa kitovu, asubuhi, mara moja kwa wiki, bila kuvuta tumbo ndani. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako, uko pazuri. Kuna wiki mizani itagoma na futi itashuka. Iaminini futi.

7. Wa kuanzia hospitali

Mwenye kisukari, mwenye presha, anayebanwa kifua akipanda ngazi: daktari kwanza, skwati baadaye. Na mkikaa sana kisha shavu la mguu mmoja likavimba, likauma na kupata joto, hiyo si ganzi. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua. Usikande, usisubiri mechi iishe. Nenda siku hiyohiyo, padi nitakushikia mimi.