Mwanangu, ndugu zake waliona

Mwanangu, za Mwanza? Wajukuu wangu hawajambo? Voisi yako nimeisikiliza, unauliza yule mtu aliyeua watu pale Lewiston mwaka 2023 kwani hakuwa na ndugu, hawakuona kwamba hayuko sawa, na mimi nangoja nini kuhama huku jimbo la Maine, Marekani, kabla hujawaleta watoto kunisalimia. Nakuandikia maana kwenye simu utanikatiza.

Ndugu waliona. Hapo ndipo panaponiuma. Mei, miezi mitano kabla, mtoto wake na mama wa huyo mtoto walishawaeleza polisi kwamba anasikia watu wanamsema vibaya, watu ambao hawapo, na kachukua bunduki 10 mpaka 15 zilizokuwa kwa kaka yake. Julai wenzake wa jeshi la akiba wakaona kabadilika, akapelekwa hospitali ya akili New York akalala wiki mbili akatoka. Septemba rafiki yake wa huko huko jeshini akawaandikia wakubwa meseji akasema wazi kabisa anaogopa huyu atakuja kuua watu wengi kwa mpigo. Mtu wa sherifu, yaani polisi wa wilaya, akaenda kwake, akagonga, ndani anasikika mtu ila hafungui, akaondoka zake, na habari ya bunduki ikarudishwa kwa familia wajue wenyewe la kufanya. Mgonjwa yule, mwenye silaha, eti ndugu zake wakamnyang'anye!

Sasa usidhani sheria haikuwepo. Ilikuwepo, wanaiita ya bendera ya njano, ya kumwondolea silaha mtu wa hatari, ila familia ilikuwa hairuhusiwi kwenda yenyewe kwa hakimu, mpaka polisi wamkamate huyo mtu kwanza, kisha daktari ampime, ndio hakimu aamue. Tume iliyochunguza ikasema mwaka 2024 kwamba polisi walikuwa na sababu za kutosha kumchukua na jeshi nalo lilizembea. Yaani kila aliyeambiwa alimwachia mwenzake.

Jumatano ya tarehe 25 Oktoba, karibu saa moja jioni, akaingia kwenye ukumbi wa bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe, ambapo watoto nao walikuwa wanacheza, halafu akaendesha gari mpaka kwenye baa. Watu 18 wakafa, 13 wakajeruhiwa. Kuna mtoto wa miaka 14 alikufa na baba yake. Kule baa viziwi walikuwa wamekutana kucheza mchezo wa kurusha vifuko kwenye ubao wenye tundu, wanne wakauawa, na siku zilizofuata mkuu mmoja wa serikali ilibidi awaombe watu wa TV wasimkate kwenye picha mkalimani wa ishara, maana wafiwa walikuwa wanamtegemea huyo huyo kujua kinachoendelea. Hilo sijalisahau. Halafu siku mbili tumejifungia ndani, shule zimefungwa, maduka yamefungwa, mpaka Ijumaa usiku polisi wakamkuta yule muuaji kajiua mji wa jirani, Lisbon.

Na Lewiston ni mji mdogo mwanangu, watu kama 37,000 hivi. Wasomali wamejaa pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaja Wakongo na Warundi, watu waliokimbia risasi kwao. Maine nzima mwaka 2022 waliouawa walikuwa 29, mwaka mzima, kwahiyo piga picha 18 usiku mmoja. Bunduki huku zipo nyumba nyingi, watu wanawinda toka enzi za babu zao, na ndio maana ukitaja sheria ya bunduki wengi wanakuwa wakali. Ila yule mbunge wao Jared Golden, mtu wa hapo hapo Lewiston aliyekuwa anapinga kupiga marufuku zile bunduki za kivita, kesho yake alisimama akabadili msimamo hadharani na akaomba msamaha.

Kuhusu kuhama, sihami. Novemba 2025 watu wa Maine walipiga kura wakapitisha sheria nyingine, sasa ndugu anaweza kwenda mahakamani mwenyewe akaomba mtu wake atolewe silaha kwa muda, bila kusubiri polisi waamke. Mimi kura sina, sio raia bado, ila wale mabibi ninaowahudumia kazini nilikuwa nawaongelesha habari hiyo kila nikiwaogesha, na wengine walikuwa hawaijui kabisa. Haitamaliza kila kitu, najua. Ila ndugu wa mgonjwa sasa hivi ana pa kwenda.

Kwahiyo watoto walete, Juni baridi imeisha. Nitumie namba zao za pasi mapema nianze kutafuta tiketi.

Mama